Mashine ya kufulia inanuka na mataulo yana uvundo: dada usiuze kwanza

Swali la dada yetu wa Kigamboni kwa kifupi ni hili: "Fundi habari za kazi. Nina mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, kilo 7, ina miaka mitatu. Sa hivi ukifungua mlango inatoa uvundo mpaka naona aibu mgeni akiwepo. Mataulo ndio balaa, yakikauka juani hayanuki kabisa ila ukitoka kuoga ukijifuta tu harufu inarudi. Mpira wa mlango una madoa meusi na juzijuzi imegoma kumwaga maji. Maji yangu ni ya kisima yanatoka simtanki. Fundi aliyekuja kasema nibadilishe mpira na beringi, laki mbili na themanini. Shoga yangu anasema niuze ninunue ya kufungulia juu. Nifanyeje?"

Dada yangu pole sana na usumbufu. Kwanza usiuze, na hiyo laki mbili na themanini usiitoe mpaka umalize kusoma hapa. Kwa hayo maelezo yako mashine bado nzima, ila imejaa uchafu sehemu ambayo wewe huioni, uchafu uliolishwa na sabuni ukalelewa na maji ya baridi kwa miaka mitatu. Ukiweka mpira mpya leo utakaa wiki chache nao utaota madoa yale yale, kwa sababu chanzo kiko nyuma zaidi.

Ngoja nikueleze ndani kulivyo maana watu wengi hawajawahi kuona. Ile dramu ya stenlesi yenye matundu unayoiona ukifungua mlango imekaa ndani ya pipa lingine kubwa la plastiki, maji yote yanakaa humo kwenye pipa. Kati ya dramu na pipa kuna nafasi ndogo, kidole hakipiti vizuri. Nyuma ya dramu kuna msalaba wa aluminiamu wenye miguu mitatu, ndio umeshika shafti, yaani mhimili unaozungusha dramu. Sasa kila ukifua, jasho, mafuta ya mwili, losheni, nyuzi za nguo, mabaki ya sabuni, vyote vinapita kwenye yale matundu vinaenda kuganda upande wa nje wa dramu na kwenye pembe za ule msalaba, na huko jua halifiki, hewa haifiki na brashi haifiki. Ukiifungua mashine iliyofua kwa maji ya baridi miaka mitatu unakuta utando wa kijivu unateleza, kwenye pembe za msalaba umekuwa mnene unachota na kijiko, alafu upande wa ndani dramu inang'aa safi. Ndio maana mtu anafuta mlango na kioo kila siku na bado inanuka.

Na taulo lako nalo lina maelezo yake. Kuna bakteria anaitwa Moraxella osloensis, watafiti wa Japani walichapisha habari zake mwaka 2012, ndio anayetengeneza ile harufu ya nguo zilizofuliwa lakini zinanuka. Huyu anavumilia kukauka na anavumilia mionzi ya jua kuliko wenzake wengi. Kwa hiyo taulo ukilianika juani linakauka, yeye anatulia, harufu inapotea, ukijifuta ukalilowesha tena anaendelea na kazi na uvundo unarudi hapo hapo. Jua la Dar lote lile halimmalizi. Anachokiogopa ni moto wa nyuzi 60 na kuendelea pamoja na blichi ya oksijeni (ile isiyo na klorini, kama Vanish ya unga), na vyote viwili wewe huvitumii.

Kabla hujashika chochote, nusa kwanza, hii naisema kwa uzito kabisa kwa sababu harufu inakuonyesha pa kwenda. Uvundo wa nguo zilizosahaulika kwenye beseni ni ule utando wa ndani. Harufu ya choo au mayai viza inatoka kwenye bomba la maji machafu, mashine inasingiziwa tu. Harufu ya mpira kuungua wakati inakamua ni mkanda unateleza, mara nyingi umejaza nguo kupita kiasi. Na ukisikia plastiki inaungua, au shombo ya samaki na nyumbani hamna samaki, chomoa waya ukutani na usiwashe tena, hiyo ni ya umeme, inaweza kuwa plagi, soketi au bodi inaungua, hapo ita fundi siku hiyo hiyo.

Wewe umesema uvundo, basi tuanze na sabuni maana ndio kosa kubwa kuliko yote. Sisi tumezoea povu, tumekulia kwenye beseni, povu lisipofurika tunaona nguo haijatakata. Mashine ya mlango wa mbele inafua kwa kupandisha nguo juu na kuziangusha kwenye maji kidogo, mzunguko mzima inatumia lita 50 hivi, sasa nguo zikiangukia kwenye povu hazipigiki, alafu lile povu linapanda juu ya pipa ambako maji ya kusuuza hayafiki na linakaukia huko huko. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi, hata ukiweka kidogo inazidi. Tafuta iliyoandikwa Automatic au Auto kwenye pakiti. Kipimo fuata pakiti, ila kwa mzigo wa kawaida wa nyumbani anza na vijiko viwili vya chakula, vitatu kama nguo zina tope, kwenye nyumba za watu nakuta wanamimina kikombe kizima. Kujipima ni rahisi tu, ikifika kwenye suuza ya mwisho chungulia kwenye kioo, ukikuta povu bado limepanda basi sabuni imezidi, safari ijayo punguza. Na kama unaweza kuchagua chukua ya unga kuliko ya maji, kwa sababu za unga ndizo zinazoweza kuwa na blichi ya oksijeni ndani, ya maji huwa haina.

Kuna wanaokwangua sabuni ya mche wanatia kwenye droo. Jamani tuache hii. Sabuni ya mche ikikutana na maji yenye chokaa inageuka utando mweupe unaonata, ule unaouona kwenye ukingo wa beseni, kwenye beseni unausugua unatoka lakini kwenye pipa la mashine nani atausugua? Na hizi dawa za kulainisha nguo zenye harufu nzuri, najua zinapendwa, ila zile ni mafuta mafuta, zinapaka taulo mpaka linaacha kunyonya maji na zinapaka mashine. Wengi wakisikia uvundo wanaongeza dawa ili kuufunika, wanazidi kuwalisha wale wadudu. Kwa mataulo acha kabisa, kwa nguo nyingine nusu ya kifuniko inatosha.

La pili ni maji ya baridi na hapa najua sababu, ni LUKU. Karibu kila nyumba ninayoenda wanatumia Quick 15 kwa kila kitu, mashuka, jinzi, mataulo, nepi za mtoto, vyote Quick 15. Ile programu ni ya nguo chache, kilo moja au mbili, ambazo hazijachafuka, unaziburudisha tu, maji yanakuwa nyuzi 20 au 30, na kwa robo saa hakuna suuza ya maana. Hita ya mashine inakula umeme kweli, ni kama wati 2,000, ila haiwaki muda wote, inawaka maji yakipashwa tu na maji yenyewe ni kidogo. Mzunguko wa nyuzi 60 unakula kama uniti moja hivi, wa 90 moja na nusu mpaka mbili. Kwa bei ya uniti ya nyumbani haifiki elfu moja. Sikuambii ufue kila siku kwa moto, kanga na nguo za rangi endelea na 30, ila mataulo, mashuka, nepi na matambara ya jikoni yapeleke 60, angalau mara moja kwa wiki mashine ionje moto. Na angalizo kama mashine ni ya karibuni, ile programu imeandikwa Eco 40-60 usiitegemee kwa hili, jina lina 60 lakini maji hayafiki nyuzi 60, inaokoa umeme kwa kuzungusha nguo masaa mengi. Chagua Cotton alafu weka 60 mwenyewe.

Sasa usafi wenyewe, tafuta siku una maji na umeme wa uhakika, asubuhi, maana utaenda mpaka mchana.

Anza na filta ya pampu, iko chini mbele, kwa nyingi ni kona ya kulia, kuna kimlango kidogo. Zima, chomoa waya, na kama ilikuwa inafua kwa moto subiri ipoe. Ndani utakuta kimpira chembamba cheusi chenye kizibo, weka trei au beseni la chini kabisa, toa kizibo uache maji yatoke, yanaweza kufika lita tatu nne kwa hiyo tayarisha na dekio. Yakiisha zungusha filta taratibu kushoto utoe. Humo ndipo utakuta majibu ya ile kugoma kumwaga maji, sarafu, vibanio, vifungo, waya wa sidiria, soksi ya mtoto, na nywele zimejisokota na nyuzi zimekuwa donge jeusi. Ukishaitoa ingiza kidole kule ndani, utagusa feni ndogo ya pampu, izungushe. Itazunguka kwa kushikashika, inakwenda kidogo inakataa inakwenda tena, usishtuke, ni sumaku yake ndio inavyofanya. Ikiwa imekwama kabisa angalia uzi au nywele zimejifunga shingoni pake. Rudisha filta kaza vizuri maana ikilegea itamwaga maji sebuleni. Mashine ikigoma kumwaga maji inaandika herufi, kwenye LG ni OE, kwenye Samsung ni 5C au 5E, kwenye Bosch ni E18, zote zinasema kitu kimoja, maji hayatoki, na mara nyingi dawa ni hii hii filta. Ukiambiwa ununue pampu kabla mtu hajafungua filta, kataa.

Alafu droo ya sabuni, ivute mpaka mwisho, bonyeza kile kibonyezo cha katikati itatoka nzima. Chumba cha dawa ya kulainisha kina kifuniko kidogo kinachomoka, chini yake kuna uteute. Loweka maji ya moto, sugua na mswaki wa zamani. Ila watu wanaosha droo wanasahau dari ya pale ilipokaa, chukua tochi ya simu chungulia juu, utaona vitundu vya kumwaga maji na ukungu mweusi umezunguka. Kila maji yanayoingia kufua nguo zako yanapita hapo kwanza.

Kisha mpira wa mlango. Ufunue mdomo wake kwa vidole kuanzia chini, mle kwenye mkunjo ndio maji yanalala. Upande wa chini kabisa kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, vikizibwa na nywele na tope la sabuni maji hayatoki tena, unakuta kidimbwi cheusi. Vizibue na kijiti cha mshikaki. Kwa yale madoa meusi, Jik sehemu moja na maji sehemu kumi, vaa glavu, fungua dirisha, lowesha tambara ulilaze kwenye mkunjo nusu saa, kisha sugua na ufute kwa maji mengi safi. Doa likiwa limeingia ndani ya mpira halitatoka lote, hilo ni rangi tu imebaki, halinuki na halidhuru, mpira unabadilishwa ukichanika au ukianza kuvujisha. Kwa hiyo hapo kwenye mpira umeshaokoa hela.

Halafu endesha suuza moja tupu, Jik yote iondoke. Nasisitiza hii kwa moyo wote, Jik isikutane na siki, ndimu wala asidi yoyote, inatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu, na bafu zetu nyingi ni ndogo dirisha lenyewe dogo. Siku ya Jik iwe ya Jik, ya asidi iwe nyingine.

Baada ya hapo ndio kazi kubwa. Mashine tupu, bila nguo, weka unga wa blichi ya oksijeni kama gramu 100 ndani ya dramu moja kwa moja, Vanish ya unga ya nguo nyeupe inafaa, kisha chagua Tub Clean au Drum Clean kama ipo, isipokuwepo Cotton 90. Ikishapata moto, dakika kama arobaini hivi, bonyeza pozi uiache ilale saa moja maji yakiwa ndani, alafu iendelee. Usifungue mlango katikati, maji yale yanachoma. Kwenye kioo utaona maji yamekuwa ya kahawia na vipande vinaelea, laini, vinafanana na utando wa juu ya chai ya maziwa ila vya kijivu na vyeusi. Ni ule uchafu unabanduka. Utarudia mara ya pili, pengine ya tatu, mpaka maji yawe meupe, na katikati ya hizo safari ufungue tena filta maana vile vipande vinaenda kuziba huko. Wiki moja ya mwanzo unaweza kukuta kipande cheusi kimeshika kwenye shuka, usikate tamaa, ni mabaki yanamalizikia, rudia mzunguko wa moto.

Sasa kuna ushauri unazunguka kwenye simu zetu, kutia magadi, au siki na baking soda kwa pamoja. Siki na baking soda zikikutana zinatoa povu la kuvutia macho na zinauana, unabaki na maji ya chumvi chumvi. Magadi ndio mabaya zaidi, yale ni alkali kali, yanakula aluminiamu, na nimekuambia ule msalaba wa nyuma ni aluminiamu. Msalaba ukiliwa unavunjika siku moja mashine ikiwa kwenye kukamua na hapo hakuna fundi wa kukusaidia kwa bei ya maana. Hata Jik usiizoeshe ndani ya dramu kila wiki kwa sababu hiyo hiyo. Siki nayo mara moja moja sio mbaya ila ikiwa mazoea inachosha mipira.

Tuje kwenye maji yako ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na wengine wana chokaa, ni vitu viwili tofauti. Angalia birika lako, kama ndani kuna ukoko mweupe mgumu una chokaa, na huo ukoko upo pia kwenye hita ya mashine, unafanya ichelewe kupasha maji na mwisho iungue. Dawa yake ni sitriki asidi ya unga, ile wanayouziwa watu wa juisi, gramu 100 kwenye dramu tupu, nyuzi 60 inatosha, kila miezi mitatu hivi. Kama birika halina ukoko ila maji ukionja yana chumvi, asidi haitakusaidia kitu, chumvi inaondoka kwa kutotuama tu, hakikisha mashine inamwaga maji yote na inakauka, maana chumvi inakula chuma taratibu. Ukipata maji ya DAWASA hata mara moja moja, yatumie kwenye ule mzunguko wa moto.

Simtanki lina mambo mawili. Chini linakusanya tope na mchanga, na vinaishia kwenye kichujio kidogo cha wavu pale mpira wa maji unapoingia nyuma ya mashine. Funga koki, fungua mpira, kivute na koleo taratibu, kipige mswaki. La pili ni presha. Presha inapimwa kwa baa, kila mita kumi za kimo ndio unapata baa moja, tanki lililo juu ya mnara wa mita tatu linatoa kama baa 0.3, na mashine nyingi zinataka angalau 0.5. Kwa hiyo maji yanaingia kidogo kidogo, suuza inakuwa hafifu, sabuni inabaki, tunarudi kwenye uvundo, au inagoma kabisa na kuandika IE kwa LG au 4C kwa Samsung. Kapampu kadogo ka kuongeza presha kanatibu hilo.

Paipu ya kutoa maji nayo iangalie. Wengi wanaitupa tu kwenye tundu la sakafu ya bafu. Inatakiwa ipande kwanza, sentimita 60 mpaka 100 kutoka sakafuni, kisha ishuke, vinginevyo maji yanaweza kujitoa yenyewe wakati inajaza, na yale machafu yanarudi. Na usiizamishe ndani kabisa ya bomba ukaizungushia plasta kuziba, iache ipumue, na lile bomba liwe na kona ya U inayobaki na maji, bila hiyo hewa ya shimo la maji machafu inapanda mpaka kwenye dramu. Ukisafiri mwezi mzima ile kona inakauka, ukirudi mwaga ndoo ya maji kwanza.

Ukimaliza kufua toa nguo hapo hapo, futa mkunjo wa mpira, acha mlango na droo wazi. Dar hewa yenyewe ina unyevu, ukifunga mlango ndani hakukauki kamwe. Ila kama una watoto wadogo, au paka, mlango uachwe upenyo mdogo tu, hata kwa kubana taulo dogo pale juu, na chumba kifungwe, mtoto anaweza kuingia ndani ya dramu na hiyo sio hadithi ya kutishana. Umeme ukikatika nguo zikalala ndani usiku kucha, zifue upya zote, kusuuza peke yake hakutoshi. Na weka friji gadi kwa ajili ya umeme unapopanda na kushuka, bodi ni kifaa cha bei mbaya.

Mataulo yako ya sasa, loweka kwenye maji ya moto na Vanish masaa mawili, kisha Cotton 60 bila dawa ya kulainisha, usijaze, taulo tano sita tu. Zile kilo 7 zilizoandikwa ni za pamba kavu, kwa nguo za nailoni na za kuteleza ni kama nusu yake.

Kuhusu ya kufungulia juu, shoga yako ana nia njema, ila nazo zina pipa la nje na zinashika utando ule ule, nyingi hazina hata hita kwa hiyo huo moto ninaousema hutaupata, na maji zinakunywa zaidi ya mara mbili. Ukiwa unanunua maji ya boza utaumia. Faida yake ni kwamba hazina mpira wa mlango na zinavumilia presha ndogo. Ningekuwa mimi ningebaki na hiyo yako.

Imebaki beringi, usibadilishe kwa maneno. Chomoa waya, fungua mlango, shika ukingo wa juu wa dramu kwa ndani, inua na kushusha. Kila kitu kikicheza kwa pamoja, dramu na pipa lake, hizo ni springi na shokapu, ni kawaida. Dramu ikicheza peke yake ndani ya pipa na unasikia inagonga, beringi imekwisha. Kisha izungushe kwa mkono mahali pametulia, usikilize, ikizunguka kimya ni nzima, ikikwaruza na kunguruma ni beringi, na ukichungulia chini kwa nyuma ukakuta michirizi ya kutu maana yake sili, ule mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi, imeshapitisha maji. Ukikuta dalili hizo usichelewe, ukiendelea kufua shafti inaliwa na gharama inapanda. Na kabla hujakubaliana bei muulize fundi pipa la mashine yako limefungwa kwa skrubu au limechomelewa kiwandani, kwa sababu la kuchomelewa halifunguki, litakatwa na kugundishwa au utanunua pipa zima, na hapo laki mbili na themanini aliyokuambia huenda sio hesabu ya mwisho. Kama dramu haichezi peke yake na haingurumi, mwite aje ashike mwenyewe ukiwa umesimama hapo, akuonyeshe hiyo beringi mbovu ni ipi.